Ombi la Kumpatia Fabrice Dini Yoyote Kabla ya Jumapili

Wamaza, siku ya soko

Kwa Yaya Déo, mkubwa wangu, kichwa cha ukoo na katekista huko Kasongo,

Nakusalimia kwa jina la Mungu wako na la Mungu wangu, nikitumaini kwamba huko juu wao wenyewe wanajuana. Hapa tuko wazima. Mihogo iko ndani ya maji, mvua inanyesha inapotaka, na binti yangu Julienne anataka kuolewa.

Kuolewa si shida. Shida ni bwana mwenyewe. Anaitwa Fabrice, anatengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Salamabila. Hanywi pombe, hapigi watu, na akikuambia atakuja saa nne, saa nne anakuja, jambo ambalo lilitukuta hatujavaa. Alifika na mjomba wake na mbuzi wawili. Tukakaa. Mimi nikasoma Fatiha. Mke wangu Célestine, unajua sala za Waprotestanti, akaomba mpaka mbuzi wakalala. Ndipo nikamgeukia mgeni kwa adabu ya nyumba yetu: sasa na ninyi muombe kwa upande wenu.

Fabrice akajibu kama mutu anayekataa kuongezewa chumvi: “Asante, baba. Mimi, Mungu siamini. Lakini muendelee tu, niko nasikiliza.”

Shangazi Clémentine akamsogelea. Akauliza hilo kanisa la Siamini liko Kindu ama Bukavu.

Yaya, ukoo umekaa na kuamua: bila dini hakuna harusi. Julienne naye amesema ni Fabrice au hakuna mutu, na tangu siku ile ananipa chakula bila kuniangalia. Neno la mwisho ni lako, kwa sababu wewe ndiye unayepokea mahari. Kwa hiyo naleta kwako malalamiko yetu, kwa heshima na kwa mpango.

1. Kwanza ieleweke kwamba hatumlazimishi huyu kijana kuamini. Tunamuomba aseme. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuulizwa zaidi ya hapo. Wewe, marehemu Baba alikupeleka kwa mapadri kwa sababu walikuwa wanagawa madaftari. Mwaka uliofuata akanipeleka mimi, benchi limejaa, basi akavuka barabara akanikabidhi kwa shehe. Hivyo ndivyo Mungu alivyotuita. Na leo wewe na mimi tunaweza kubishana juu ya Yesu mpaka chakula kipoe. Kama benchi lilitosha kutupatia imani sisi wawili, Fabrice anajiona nani?

2. Mbuzi wake wamekwama. Unajua desturi yetu: anachinja Mwislamu, kusudi wote wale. Safari hii Waislamu walisema mbuzi hana kosa, Wakristo nao wakakubali, lakini shangazi akasema nyama iliyotoka mkononi mwa mutu asiyeogopa Mungu inaweza kutushuka vibaya. Nikamkumbusha kwamba mwaka jana alikula, na kusifu, kuku ambao kila mtu alijua wameibwa. Akanijibu kwamba yule mwizi alikuwa amebatizwa. Mbuzi bado wamefungwa hapa uwanjani. Wamemaliza majani yote ya sombe ya Célestine.

3. Haogopi walozi. Jirani yetu mzee Muzaliwa, ambaye kwa miaka mingi hakulima chochote kwa sababu watu wanamletea chakula wenyewe kwa kumuogopa, alimsimamisha njiani akamwambia atamfanya kitu. Fabrice akamuuliza: “Utanifanya saa ngapi, mzee? Leo niko na kazi.” Hakusema kwa dharau. Alitaka kweli kujua saa. Tangu hapo Muzaliwa amekonda, na juzi nilimkuta ameshika jembe. Yaya, umri ule, mutu kuanza kulima. Nani atabeba hiyo dhambi?

4. Mahali pa kumzika. Nisamehe kwamba namzika mkwe kabla ya kumuoza, lakini mutu mzima huangalia mbali. Waislamu wetu wako upande wa kijito, Wakristo wako mlimani. Katikati ni shamba la karanga la Célestine, na Célestine amekataa.

5. Nilimshauri Julienne, kama baba, kwamba vijana wenye dini hawajaisha. Kuna Alain, hakosi swala, na ana wake wawili, kila mmoja akijua yuko peke yake. Kuna Plamedi, ambaye kwenye maombi Roho humwangusha chini, na akiinuka anainuka na simu ya jirani. Shangazi alidakia hapo hapo: “Afazali hao. Hao wanamuogopa Mungu.” Julienne akamuuliza taratibu, “Wanamuogopaka saa ngapi, bibi?” Nilimkaripia kwa ukali, kwa kuwa hata mimi saa hiyo siijui.

6. Wajukuu. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Watakula Idi kwangu na Noeli kwako, sawa, hata wetu wanafanya hivyo. Lakini hawa wakiulizwa dini yao watasema wataangalia kwanza. Mtoto mmoja akiangalia kwanza, na wenzake watataka kuangalia. Kijiji kizima kikishaangalia, wewe, Yaya, utamfundisha nani? Mimi nitabishana na nani? Tutakaa wawili na chakula cha moto, hatuna la kusema.

Kwa sababu hizo zote, nakuomba upande pikipiki, ufike kabla ya Jumapili, umletee dini. Hatuchagui. Yako, yangu, ya mke wangu, hata moja ya zile za chini ya hema kule Salamabila, ambako wanakubatiza kwa mpira wa pampu ya shimo la dhahabu. Iwe ndogo tu. Aivae siku ya harusi, halafu aitumie kama wengine wanavyoitumia: kwenye msiba, kwenye homa, na akiwa na deni.

Salimia shemeji, watoto, waimbaji wako wote na padri, na yule muuza mafuta jirani yako asiyenisalimu, mwambie nimemsamehe kwa sababu dini inanilazimisha.

Mdogo wako akutiiye pale inapowezekana,

Moustapha

N.B. Nilikuwa bado namtafuta mwenye pikipiki wa kukuletea barua hii, jana jioni Fabrice akatokea. Alisema amechoka kuona Julienne akigombana na watu wake. Jumapili atasimama mbele ya ukoo na kukiri dini, sisi tumchagulie, yeye hana ubaguzi. Tulipiga vigelegele. Shangazi Clémentine alimkumbatia akamwita mwanangu, mbuzi mmoja tukamchinja pale pale, na naweza kukuhakikishia kwamba hakumshuka mutu vibaya. Julienne hakula. Alisubiri tunyamaze, akamuuliza: “Na ukiniambia unanipenda, nitajua je kama hausemi tu kusudi watu watulie?” Halafu Julienne akamwambia kama atayasema hayo Jumapili, harusi haipo, maana mwanaume wa kusema asichoamini angempata hapa hapa Wamaza bila kwenda mpaka Salamabila. Yaya, sisi tumekwisha kumpenda huyu kijana. Kwa hiyo njoo vilevile, tena haraka, lakini geuza maneno. Wewe ni katekista, anakuheshimu, akusikilize wewe: mshawishi abaki kama alivyokuwa. Shangazi ameanza kufunga tangu leo asubuhi. Anamuomba Mungu, kwa machozi, amsaidie Fabrice asiamini.