Marufuku Kusema Pole

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo mimi ni mshauri wa mapito. Masomo yote nimeyasikiliza kwenye simu, mengine huku nanyonyesha. Mapito ni pale maisha yanapokugeuka: umefiwa, umeachika, umefukuzwa kazi. Mwalimu anasema huruma inamgandisha mtu palepale alipo. Kwa hiyo neno “pole” nimelipiga marufuku humu ndani. Badala yake, hongera.

Mteja wa kwanza ninaye. Mama mkwe. Tangu tumzike baba mkwe analala chumba cha nyuma, uso ukutani. Haongei. Chakula anaonja tu, gauni linampwaya. Mume wangu husimama mlangoni kwake kabla ya kwenda kazini, kama anasikiliza pumzi. Naogopa tutamzika na yeye. Nikimvusha, mama kapona na mimi nina ushuhuda.

Jumanne

Nimejaribia kwanza kwa mlinzi wa ghala aliyeachishwa kazi. Nikampa hongera kwa hatua mpya. Akauliza kwani nimesikia kapata kazi wapi. Nikamwambia hajapata. Akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni, akasema nimshukuru sana huyo mtoto.

Nadhani kaguswa.

Jumatano

Nimempelekea mama mkwe uji. Nikakaa kitandani, nikasema taratibu, hongera mama. Akageuka! Akauliza hongera ya nini. Nikasema ya kuwa mjane.

Akarudi ukutani. Uji haukuguswa kabisa.

Kumbe wifi yuko mlangoni, na wifi ana ulimi. Akasema udongo wa baba yake haujakauka mimi nishaanza kushangilia. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Akasema utaalamu gani huo wa kusomea jikoni. Jumamosi anakuja kumchukua mama yake.

Mume wangu amesikia yote. Hakula. Aliniuliza tu kama mama alikunywa hata maji.

Ijumaa

Siku yangu ya mwisho na mteja. Nikaandaa hotuba nzima, nikasimama miguuni pa kitanda na kuanza. Mtoto nilimweka chini. Nimefika kwenye sehemu ya kuvuka, akajigonga kichwa kwenye mguu wa kitanda. Kilio.

Nikamwinua, neno likanitoka. Pole, pole mwanangu, pole sana.

Mama mkwe akaketi. Akanyoosha mikono, akanipokonya mtoto. Naye akaanza, pole mume wangu, pole. Ndivyo anavyomwita mjukuu wake siku zote, utani wao. Leo alipolisema tena hilo “mume wangu”, sauti ikakatika. Akalia. Mtoto keshanyamaza, bibi bado analia. Sikujua nifanye nini. Nikamshika mgongo, mifupa mitupu, nikamwambia pole mama. Nikalisema tena na tena, na mimi nalia.

Baadaye akauliza kwani humu ndani hakuna chakula. Amekula sahani nzima. Mume wangu alipofika akamkuta amekaa sebuleni, akatoka nje kwanza, akarudi macho mekundu.

Jumamosi

Nimetafakari. Hongera ya Jumatano ilikuwa inafanya kazi ndani kwa ndani, kama dawa ya minyoo. Na mimi na pole zangu za jana nusura niiharibu. Mungu kasaidia.

Wifi amekuja na begi tupu. Mama mkwe, akimwogesha mtoto, akamwambia hahami, huyu mkwe wake mjinga mjinga lakini ana moyo. Nimefurahi kuhusu moyo.

Wifi akanifuata jikoni. Nikajua nimekwisha. Akakaa kwenye kindoo, akasema kwa sauti ndogo kwamba alimtaka mama kwa sababu nyumbani kwake hakuna mtu. Mumewe kahamia kwa mwanamke mwingine. Hajamwambia yeyote. Hata usingizi hapati.

Maskini wifi yangu. Nikamshika mikono yote miwili, nikamtazama machoni, nikamwambia hongera.

Ameondoka bila kuaga. Imemwingia.