Sirtuini kwa Saa ya Nakonde

Jumanne, 8 Julai
Goti limevimba tena. Na Jumapili ni sikukuu ya mavuno! Miaka yote gunia la kwanza la mahindi hadi madhabahuni nabeba mimi, begani, kwaya ikiimba. Mwaka huu jirani yangu Aliko anawauliza wazee wa kanisa, kwa sauti ya huruma, kama kaka Yonasi ataweza kweli. Mwone! Apige pushapu zake uani huko. Gunia ni langu.

Nimemwona Ikupa, binti wa dada yangu, nesi. Kasema ndani ya seli tuna protini ziitwazo sirtuini. Zinasaidia misuli kutumia nguvu vizuri na kutuliza uvimbe. Mazoezi na kutokula ovyo huziamsha. Akaniagiza mjomba wake nisile baada ya saa kumi na mbili jioni, nitembee taratibu, gunia nisiliguse. Tena utafiti mwingi bado ni wa panya. Panya waweze, mimi nishindwe? La gunia sikulisikia vizuri.

Jumatano, 9 Julai
Kumi na mbili imepita, njaa inaniua. Mke wangu Priska kafunga jiko kwa kufuli, eti ananisaidia. Mungu ambariki.

Lakini akili ninayo! Ng'ambo ya mpaka, Nakonde ya Zambia, saa zao ziko nyuma yetu sisi wa Tunduma kwa saa moja. Nimevuka kwa miguu, mazoezi hayo. Kule bado kumi na moja na nusu. Nimekula ubwali, ugali wa kwao, na mbuzi, kihalali kabisa. Kurudi nimepanda bodaboda kwa sababu ya shibe.

Ijumaa, 11 Julai
Nakonde tena. Nimeongeza chipsi. Nazisikia sirtuini zikitekenya gotini. Priska anasema huo ni uvimbe. Hajasoma.

Aliko kanikuta nikitafuna mfupa. Akauliza dayati inaendeleaje. Nikamjibu kwamba kwa saa za hapa, vizuri sana.

Jumapili, 13 Julai
Nimelinyanyua! Hatua chache tu, goti likagoma. Nikakaa chini katikati ya kanisa, gunia nimelipakata. Aliko kalitupia begani, na kwa mkono uliobaki akaninyanyua mimi. Vigelegele kanisa zima. Aibu iliyonipata siielezi.

Jumatatu, 14 Julai
Nimelala, mguu juu ya mto. Ikupa kauliza nilifuata lipi kati ya aliyoniambia. Yote, mwanangu.

Kosa nimeshalijua. Nilikula kwa saa ya Nakonde, nikabeba kwa saa ya Tunduma. Sirtuini zilikuwa bado zimelala! Mwakani nitamwomba mchungaji acheleweshe ibada kwa saa moja.