Ziwa la Digrii Thelathini na Nane

Jumatatu, 6 Julai 2009

Nimerudi kutoka Mbarara na kipimajoto. Cha kioo, zebaki ndani. Muuza dawa aliuliza nani mgonjwa. Nikamwambia ziwa. Hakucheka. Watu wa Mbarara hawana muda.

Sababu ni hii. Mzee Nehemiya hatoi binti yake Cyiza kwa mtu ambaye hajazamishwa mwili mzima. Nilimweleza kwamba nilibatizwa Uvira nikiwa mtoto, kwa Wakatoliki. Akauliza maji yalikuwa kiasi gani. Nikasema matone. Akasema hata kuku akinywa hupata matone. Ubatizo wa ziwani ni Jumapili hii alfajiri, unaofuata ni Desemba. Na Appolinaire, mpiga gitaa wa kwaya, alishazamishwa zamani, na siku hizi anambebea mzee vyombo vya maziwa. Nikingoja Desemba nitaalikwa harusini!

Siogopi maji. Naogopa baridi. Nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, maji yanayomkumbatia mtu. Ziwa hili la Nakivale, mwezi wa saba asubuhi, linauma mpaka meno. Hivyo nitapima ziwa lote, nipate fasi yenye joto, mchungaji ahamishie ubatizo huko. Sayansi!

Jumanne, 7 Julai

Nilipita kwa akina Cyiza. Ana malaria, kajifunika kitenge mpaka puani. Bahati iliyoje! Nikatoa kipimajoto, nikamwekea kwapani. Yaani shangazi yake, Mama Mukakalisa, ndiye aliyekiweka. Mimi niliambiwa nitazame ukuta. Thelathini na nane na nukta nne. Nilisoma kwa sauti ya daktari. Appolinaire alikuwepo na gitaa lake. Gitaa halipimi homa.

Jumatano, 8 Julai

Nimekodi boti ya Munyakazi, yule wa Rugaaga. Ni boti ya matembezi: rangi ya waridi, turubai juu, viti vya plastiki. Jumamosi hubeba maharusi na wageni wanaotaka picha na viboko. Katikati ya wiki inalala tu. Akauliza naenda kuvua nini. Joto, nikamwambia.

"Ssebo, bwana wangu, hii maji iko tu maji. Weka mkono."

Mkono si sayansi. Nilifunga kipimajoto kwa uzi, nikakitumbukiza kando ya matete: thelathini na nane na nukta nne. Katikati ya ziwa: vilevile. Wanaponywea ng'ombe: vilevile! Nilikiacha majini mpaka Munyakazi akasinzia. Hakikusogea hata unywele. Chombo imara. Hapo nikaelewa kwamba ziwa lote ni la moto, sisi ndio tunalisingizia. Niliweka na mkono pia. Ukapata baridi. Mkono wangu umezoea vibaya.

Alhamisi, 9 Julai

Nimempa Mchungaji Semahoro matokeo. Akayatangaza kwenye maombi ya jioni, akinitaja kwa jina, Bona. Mamazee wa benchi la mbele, ambao kila mwaka magoti yao hukataa ubatizo, wakaanza kunong'onezana. Mama Mukakalisa akasimama wa kwanza. "Kama iko moto kama chai, mimi naingia!" Benchi zima likamfuata.

Mzee Nehemiya amembembeleza dada yake huyu miaka mingi. Alinishika bega mbele ya watu wote, akaniita mwanangu. MWANANGU. Appolinaire alikosea wimbo.

Jumamosi, 11 Julai

Msiba.

Cyiza amepona. Akaomba kuona kipimajoto. Akakitazama, akanitazama. Akauliza kama nilikikung'uta kabla ya kwenda ziwani. Kukung'uta vipi? Akatupa mkono mara kadhaa, kama mtu aliyeshika kaa la moto, na zebaki ikashuka yote. Akasema kipimo cha homa hakishuki chenyewe, kila mama anajua. Kisha akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Bona! Ulitembeza homa yangu ziwa zima!"

Nikamwambia basi angalau ilitembea kwa boti. Hapo akaacha kucheka. Akasema shangazi yake ana magoti mabovu na ameniamini, niende nikamwambie mchungaji ukweli leo hii. Nikaahidi.

Njiani nikakumbuka lile neno, mwanangu. Miguu ikapunguza mwendo. Kufika kanisani nilikuwa na njia bora zaidi: maji ya moto! Jerikani kadhaa ndani ya boti, ninamwaga polepole nyuma ya Mama wakati kwaya inaimba. Ziwa ni kubwa, lakini Mama ni mmoja.

Jumapili, 12 Julai

Naandika nimejifunika mablanketi mawili.

Munyakazi alipoona jerikani zinatoa mvuke, aliuliza kama leo napika ziwa. Mchungaji nilimwambia nakwenda kupima kwa mara ya mwisho. Ukungu, upepo, kanisa lote ufukweni. Mama Mukakalisa akaingia, nguo nyeupe, mkono kwa mkono na mchungaji. Maji yalipofika kiunoni akapiga kelele: "Yesu wangu!" Watu wakaitikia amina, wakidhani ni Roho. Mimi nilijua ni nini.

Haraka nikapanda kwenye kiti, nikainamisha jerikani. Ikaniunguza vidole. Nikaruka, kiti kikateleza, nikatumbukia kichwa mbele. BARIDI! Niliibuka na sauti ambayo hata kwaya haina.

Mama akanitazama. "Si wewe ulisema chai?"

Akataka kujua nimemdanganya tangu lini. Nikasema Alhamisi sikudanganya, nilikosea. Uongo umeanza jana. Huko ufukweni Mzee Nehemiya alivua kofia, akaivaa tena. Nikajua Cyiza ameniponyoka.

Mama alikuwa anatetemeka. Nilingoja anilaani. Badala yake akamgeukia mchungaji: "Maliza, baba. Nikitoka sasa nitakuwa nimebatizwa miguu tu." Akazama, akaibuka, akavuta pumzi, akaninyooshea kidole. "Na huyu. Mumushike kabla hajakauka."

Nikajitetea. Nimekwisha kuzama mwili mzima, mashahidi wapo, kwaya ilikuwa inaimba. Mchungaji akasema nimetumbukia, sijabatizwa. Nikaomba basi tungoje jua lipande kidogo. Nilikuwa nimelowa mpaka ndani ya masikio.

Cyiza alisimama ukingoni. Hakucheka. Alikuwa ameshika kitenge kikavu, amekikunjua tayari.

Nikaenda. Mchungaji alinishikilia chini kidogo zaidi kuliko wengine, nadhani.

Jumatano, 15 Julai

Mzee Nehemiya ameniita. Akasema dada yake amenitetea usiku na mchana, kwa hiyo mahari itazungumzwa. Lakini mwanangu haniiti tena mpaka aone ng'ombe. Anataka mtamba aliyeshiba, na atamkagua mwenyewe Jumamosi. Cyiza alinisindikiza mpaka njiani. Akanisihi safari hii nipeleke nilichonacho na niseme nilichonacho, basi. Nikaahidi.

Nilichonacho ni mtamba mmoja kule Endiinzi, na mbavu zake ni kitana.

Lakini nimefikiri. Ijumaa jioni ninamlambisha chumvi. Jumamosi asubuhi ninampitisha ziwani, anakunywa mpaka tumbo linakuwa ngoma, anafika kwa mzee mnene. Ndiyo, mzee amechunga ng'ombe maisha yake yote, tangu kule Minembwe. Lakini hao ni ng'ombe wa milimani. Wa ziwani atamjulia wapi?