Mistatili Mitano Bondeni

Jumatatu, 3 Machi.
Nimeona bonde! Limo ndani ya kipande cha ekseli ya gari iliyokatika, kidogo kuliko ukucha. Hadubini ya elektroni ilikikuza mara elfu nane, na mbele yangu vikatokea vilima, makorongo, ukungu wa kijivu. Kimya kabisa. Natamani kujenga kibanda pale. Sampuli ni ya mtafiti wetu, Dada Mikroni, aliyepewa jina la kipimo chembamba kuliko unywele kwa kuwa hupima hata asichotumwa. Haidhuru. Ijumaa picha moja itatundikwa ukumbini, na baba mkwe nimemwalika. Miaka kumi na minne anawaambia watu binti yake kaolewa na mfagia maabara. Kweli, nilianza na ufagio. Mashine nilijifunza kwa kuchungulia, huku wenye shahada wakinituma chai. Picha itakuwa yangu!

Jumanne, 4 Machi.
Saa ya chakula wote walitoka. Nikaingia bondeni. Mara elfu ishirini, kidevu kiganjani. Nikatembea taratibu kando ya kijito kisicho na maji... Mlango wa maabara ukalia! Nikarudisha picha upesi kwenye ukubwa wa awali. Loo! Katikati ya bonde, mstatili mweusi. Najua fika: mwale wa hadubini ukikaa mno mahali pamoja, mafuta yasiyoonekana huganda hapo na kuacha alama. Wanafunzi nawafokea kwa hilo kila wiki. Dada Mikroni akauliza nani kakalia sampuli yake. Nikamjibu kwa upole kwamba huenda ni fuwele ngeni, imezaliwa humo humo.

Jumatano, 5 Machi.
Balaa. Profesa, mkuu wa maabara, ameamini! Kaniita ndugu yangu mbele ya watu. Anataka kujua kama ziko nyingine, maana ikiwa moja ni uchafu, zikiwa nyingi ni sayansi. Hesabu hiyo niliielewa papo hapo. Saa ya chakula nikachora mistatili mingine minne, huu mkubwa, ule mdogo, ili ionekane ya asili. Kuchora ni kukaa tu ukitazama. Nikakaa. Nikaota nimefika kilimani, na baba mkwe ananibebea kiti.

Alhamisi, 6 Machi.
Dada Mikroni kapima! Nilijua tu atapima. Yote mitano, mikubwa kwa midogo, upana kwa urefu ni nne kwa tatu. Kisha akaja na rula, akaiweka kwenye skrini ya mashine yangu. Nne kwa tatu. Mimi, mtu wa hesabu! Nimebadilisha ukubwa, nikasahau uwiano! Akasema, bila hata kupaza sauti, kaka, fuwele zako zimeshonewa kwa kipimo cha skrini. Profesa hakuniita ndugu yangu tena. Aliniita wewe. Nyumbani nikamsihi mama watoto amzuie baba yake asije. Akasema nimechelewa, mzee kashapiga pasi suruali.

Ijumaa, 7 Machi.
Wameitundika. Bonde langu, na mistatili yake mitano! Chini Dada Mikroni kaandika: alama za mwale uliokaa mno, watumiaji wajihadhari, picha imepigwa na fundi wa hadubini. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini baba mkwe kasahau miwani! Alisimama muda mrefu, mikono nyuma. Akauliza zile nyumba bondeni ni za nani. Nikasema nimezijenga mimi. Akanishika bega. Akasema, mkwe wangu, kule kumetulia, hata mimi ningehamia. Dada Mikroni alikuwa nyuma yetu, rula mfukoni, na hakusema neno. Sijui kwa nini. Wivu, bila shaka.

Jumatatu, 10 Machi.
Sampuli ya Profesa mwenyewe: bati lililoliwa na kutu. Ndani yake, ziwa! Jeupe, limelala, na ukingo wa mchanga laini. Nimepiga hesabu sawasawa: dakika tano haziwezi kuacha alama. Nikaketi ufukweni, nikaning'iniza miguu. Maji yalikuwa vuguvugu... Nyayo za Profesa koridoni. Nikatazama saa ya ukutani: dakika arobaini! Na katikati ya ziwa, weusi ule ule.

Sina wasiwasi. Safari hii niliinamisha picha kidogo kabla sijaketi, kwa hiyo mstatili umekaa mshazari. Nitawaambia ni kivuli cha wingu.