Pama la Marehemu Leodegar

Evod aliliona pama kabla hajaliona jeneza. Lilikuwa juu ya kimeza, kando ya picha ya marehemu mzee Leodegar: kofia ya kahawia, ya manyoya ya sungura, ukingo haujavunjika, utepe mweusi bado unang'aa. Watu wa Lumemo walikuwa wanalia. Evod naye machozi yakamlenga, ya furaha.

Kwa wiki mbili alikuwa amezunguka Namawala na Mchombe na koti jeupe, daftari, na uso wa mtu aliyesoma, akiwaambia wazee kwamba mbu siku hizi wanalala ndani ya kofia za zamani, kwa hiyo kofia zinakwenda kupimwa. Hakutaja anatoka ofisi gani. Hakuhitaji. Bonde hili limepokea wapima mbu miaka mingi, na mtu mwenye daftari huletewa kiti kabla ya kuulizwa jina. Sasa begi lake lilikuwa na koti hilo na kofia kumi na moja, za pama na za ukindu, kila moja imejazwa magazeti isibonyee. Kwa kofia Evod alikuwa muungwana. Tatizo lake lilikuwa watu.

Mnunuzi alikuwa Dar es Salaam, tajiri mwenye hoteli anayekusanya kofia kuukuu, na asubuhi hiyo alikuwa amepiga simu. "Bila pama moja la sungura, hizo nyingine vaa mwenyewe." Evod hakuwa na nauli ya kumfikia wala ya kurudi kwao.

Basi akaketi kwenye mkeka, akala wali wa msiba, akatafakari. Mara akaingia bibi mmoja mfupi, amevaa koti la marehemu linalomfika magotini, anakohoa kikohozi cha marehemu.

"Konsolata! Chai yangu iko wapi? Au umeshapata mume mwingine?"

Watu wakaangua kicheko. Mjane mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Bibi akabeba redio ya marehemu, akatoka nayo, na hakuna aliyemzuia. Mtu mmoja tu alimkimbilia na kuku, akarudi na redio.

"Yule nani?" Evod akamwuliza mzee aliyeketi naye.

"Bibi Violeth, Mngoni. Sisi Wapogoro ni watani wake. Kwenye msiba mtani anachukua anachotaka, mpaka tukikomboe."

"Anachotaka?"

"Hata sufuria likiwa jikoni."

Evod, aliyezaliwa Morogoro mjini na ambaye Songea kwa Wangoni aliijua kwenye ramani tu, akasimama akiwa Mngoni. Akaenda moja kwa moja kwenye kimeza, akanyakua pama.

"Leodegar wewe!" akaikaripia picha. "Kichwa chenyewe kama kiazi, kofia ya nini? Nachukua!"

Watu wakacheka. Bibi Violeth akaja mbio, akamkumbatia. "Mngoni mwenzangu! Mungu mkubwa. Nilikuwa peke yangu na mgongo umekwisha. Haya, kaburi halijafika kiunoni, na masufuria sita yanatusubiri."

"Kazi?"

"Ulidhani tunakuja kucheka tu, mwanangu?"

Evod akachimba. Kipara chake kikaiva juani, maana muuza kofia huyu hakuwahi kuvaa hata moja. Mjane akamletea maji mwenyewe, akasubiri amalize ndipo akapokea kikombe.

"Pole, mtani. Hilo pama usilishike hapo juu, panabonyea. Shika ukingoni. Yeye alilipitisha kwenye mvuke wa birika kila Jumamosi, kisha brashi, kuelekea upande mmoja tu. Kanisani lilikaa magotini mwake kama mtoto."

Evod alijua yote hayo. Lakini hakuwahi kuelezwa kwa sauti ile, akajikuta amesema, "Ahsante, mama," bila faida yoyote.

Walipotoka kuzika, mjane akaja na jogoo mwekundu. "Mtani, nakomboa. Nirudishie pama langu. Ndicho kitu chake pekee ninachokitaka ndani."

Evod akaficha pama mgongoni. "Jogoo simtaki, mama. Nimelipenda hili hili."

Watu wakageuka.

"Mngoni amekataa kuku?" Bibi Violeth aliuliza taratibu, kama mtu aliyeambiwa mto umeanza kupanda mlima. "Mwanangu, wewe wa Songea ya wapi?"

"Ya mjini. Karibu na stendi."

Konsolata akamtazama. "Haya, sikuombi tena. Lakini utani una pande mbili. Kama wewe ni mtani wangu, mimi ni mtani wako. Na wewe umekuja na begi."

Evod alipofungua mdomo, zipu ilikuwa imeshafunguka.

"Mama, hilo ni mali ya..."

"Mtani hakasiriki!" watu wote wakamwimbia.

Kofia zikaruka vichwani. Mzee Anselim wa Namawala akapata ya ukindu, akaigeuza, akaona uzi mwekundu alioushona marehemu mkewe.

"Hii si yangu? Si ilikwenda kupimwa mbu?"

"Na hii ya Donati wa Mchombe!"

"Kumbe daktari wa mbu ndiye huyu, amevua koti tu! Daktari, majibu yametoka?"

Evod akaitazama njia. Njiani walisimama wachimba kaburi sita, na majembe yao.

"Mwacheni," alisema Bibi Violeth. "Aliyekamatwa na watani hapigwi. Anajikomboa."

Evod akalitoa pama, kwa mikono miwili, ukingoni.

"Angalau umelishika vizuri," alisema Konsolata, akalipangusa vumbi kwa kiganja, kuelekea upande mmoja.

Akavaa koti lake jeupe, akaosha masufuria yote sita. Alipoaga, mjane akamvika kofia ya ukindu iliyochanika ukingo, kwa ajili ya kile kipara, kisha akamkabidhi jogoo.

"Mama, huyu wa nini?"

"Nilishamtoa akomboe pama. Pama nimelipata. Mchukue."

Evod akashika njia ya stendi, koti jeupe limejaa masizi, jogoo kwapani.

"Mngoni!" Bibi Violeth akamwita kwa nyuma. "Arobaini usikose! Masufuria yatakuwa kumi na mawili!"

Jogoo ndiye aliyejibu.