Wasomaji Hodari wa Maktaba Yetu

Masunga na Hamisi,

Mnisamehe mwandiko. Ncha ya kalamu imepasuka. Mkikuta herufi isiyo mahali pake, isukumeni wenyewe mpaka ikae. Ninyi huko mgodini Mwadui mna meza. Mimi naandikia juu ya goti.

Leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, mbele ya watu wenye viatu.

Mlipoondoka hapa kijijini, sanduku la vitabu lilikuwa halijafika. Lilifika baada ya mavuno ya pamba, likiwa na vitabu arobaini na viwili, na Mwalimu Bundala akaita wazazi ili litafutiwe mahali. Wazee walisema chumba kilicho nyuma ya shule ni cha mbegu za pamba na kitabaki cha mbegu. Hapo nikasimama. (Ndiyo, mimi Luhende. Acheni kucheka, bado hatujafika.) Nilisema maneno kumi na moja: “Mbegu zinakaa miezi miwili. Chumba kinakaa tupu miezi kumi. Tuwekeeni vitabu.” Kisha nikakaa, juu ya mguu wa baba yake Masunga.

Chumba tukapewa. Na kwa kuwa ni mimi niliyesema, nikapewa na ufunguo.

Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi ya masharti. Vitabu tumekopeshwa kwa muhula mmoja tu. Muhula ukiisha, Bwana Mkaguzi atakuja kutazama kama tumetimiza masharti. Tukiwa tumetimiza, vitabu vitabaki na vingine vitaongezwa. Tukishindwa, sanduku linapelekwa shule moja ya upande wa Ushetu, ambayo nayo inalingoja.

Mnanijua nasoma polepole. Lakini masharti yale niliyasoma, kidole chini ya kila neno. Moja, chumba kiwe kikavu. Mbili, mlango uwe na kufuli. Tatu, vitabu visikae chini. Nne, mchwa wazuiwe. Tano, kila kitabu kiwe na namba.

Nilitimiza yote! Nilipaka ukuta chokaa. Nilitengeneza kabati kwa mbao za masanduku ya sabuni. Miguu yake minne niliisimamisha ndani ya mikebe yenye mafuta ya taa, mchwa asipande. Kila kitabu nilikivika nguo ya kaniki na kuigandisha kwa uji mzito wa muhogo. Vilipendeza kama maharusi.

Na sikumwazimisha mtu hata kimoja.

Mtanielewa. Watoto walikuja na mikono yenye karanga, mikono yenye viazi, mikono ambayo sikutaka kujua ilikuwa na nini. Niliwaambia, “Subirini.” Mwalimu Bundala aliniuliza mara mbili, “Luhende, vitabu vinasomwa?” Nikamjibu, “Vinatunzwa, Mwalimu.” (Jibu zuri. Hadi leo saa mbili nililiona zuri.) Jambo moja tu lilinisumbua: mara nyingine nilikuta kitabu kimegeuzwa kichwa chini. Nililaumu panya.

Leo saa mbili asubuhi nilikuwa nafuta vumbi nikiimba. Bwana Mkaguzi alitazamiwa saa nne. Karatasi ya masharti ikaanguka kutoka ukutani, ikalala kifudifudi. Nyuma yake palikuwa na maandishi.

Sharti la sita: Daftari lionyeshe ni nani aliazima kitabu gani, na siku aliyorudisha. Vitabu visivyosomwa vitaondolewa.

Mayu wane! Mama yangu mzazi hakuwepo, lakini nilimwita.

Daftari nilikuwa nalo. Jipya, jeupe, nimelifunika kwa nguo. Nikachovya kalamu. Niandike nani? Watoto wa shule haiwezekani, Mkaguzi atawauliza na watakana. Ilibidi niandike watu ambao hawapo. Basi, Hamisi, umesoma vitabu vitatu. Masunga, wewe vitano, kwa sababu jina lako ni rahisi kuandika. Niliendelea na shemeji zangu wa Kahama, na kabla saa tatu haijafika watu niliowajua wakaniishia.

Nikatazama dirishani nitafute akili. Ng'ombe wa baba walikuwa wanapita kwenda kunywa maji mtoni.

Mnajua ng'ombe wetu wana majina ya watu. Waliotangulia ni wale maksai wa kulimia waliozaliwa pacha, Kulwa na Doto. Nikaandika: Kulwa, kitabu namba nne. Doto, kitabu namba tano. Nyuma yao akaja Kabula. Nikampa kimoja tu kwa kuwa ananyonyesha. Maksai nikawaongezea mpaka vikafika vinne kila mmoja. Niliona ni akili kubwa. Ni nani atakwenda kumuuliza Kulwa?

Saa nne lori likafika.

Bwana Mkaguzi ni mtu wa pwani, mrefu, mpole, viatu vyake vinalia. Dereva wake alibaki mlangoni. Mwalimu Bundala aliingia naye, na watoto wakajaza dirisha kwa vichwa, wa mbele kabisa akiwa Limi wa darasa la tatu, yule binti wa muhunzi asiyejua kunyamaza.

“Shikamoo Bwana,” nikasema.

“Marahaba, kijana.” Akagusa ukuta, akatikisa kufuli, akainama akanusa mikebe. Kila alipotazama alisema, “Vizuri.” Vizuri tatu! Nilianza kusimama wima.

Akafungua daftari. Akavaa miwani.

“Kulwa na Doto,” akasema. “Hawa ni pacha?”

“Ndiyo, Bwana.” (Kweli tupu.)

“Vitabu vinne kila mmoja kwa muhula mmoja! Sijapata kuona. Wako darasa la ngapi?”

“Hawako shuleni, Bwana.”

“Wamekwisha maliza?”

“Hawakuanza.”

Akavua miwani. “Mwalimu, unasikia? Wamejifundisha wenyewe!”

Mwalimu Bundala alikuwa anatazama paa. Kulwa na Doto ndio wanaomlimia shamba lake kila mwaka.

“Wanafanya kazi gani hawa vijana?”

“Wanalima.”

“Shamba lao wenyewe?”

“La baba yangu, Bwana. Na la Mwalimu.”

Mwalimu akakohoa.

Ninyi mnanijua. Mkubwa akiniuliza, ulimi unakuwa mzito kama jembe lenye tope. Najibu nilichoulizwa, halafu naomba dunia iishe.

“Na ninyi mnawapa nini kwa kazi hiyo?” Sauti yake sasa ilikuwa chini kidogo.

“Chumvi, Bwana.”

“Chumvi?”

“Na pumba. Wakati wa kiangazi.”

Kisha akauliza polepole, “Na wakichoka?”

“Wanachapwa.”

“Mama yao yuko wapi? Yeye anasemaje?”

“Alichinjwa, Bwana.”

Kalamu ikamtoka mkononi. Ilibingirika mpaka kwenye mkebe wa mafuta ya taa. “Alichinjwa! Na nani?”

“Na baba yangu. Kwenye harusi ya dada.”

“Mwalimu!” Bwana Mkaguzi alisimama. Kiti kilianguka. “Umekaa hapa miaka yote, na watu wanachinjwa harusini? Dereva! Geuza lori, tunakwenda kwa polisi!”

Ndipo Limi akaingiza kichwa chote dirishani. “Bwana, ni ng'ombe!”

“Nani ng'ombe?”

“Kulwa ni ng'ombe. Na Doto. Hata huyo Kabula ni ng'ombe, amezaa juzi!”

Dirisha zima lililipuka kwa kicheko. Dereva alishika mlango asianguke. Mtoto mmoja akalia kama maksai, na huko mtoni, naapa, maksai akaitika.

Bwana Mkaguzi hakucheka. Aliokota kiti, akakaa, akanitazama. Heri angenichapa.

“Luhende,” akasema, “kuna mtu mwenye miguu miwili aliyesoma kitabu chochote hapa?”

Nikatikisa kichwa.

“Basi sina la kufanya. Kule Ushetu kuna watoto wanangoja. Dereva, pakia.”

Hapo kicheko kilikatika. Hakuna aliyelia kama ng'ombe tena. Nilifikiria yale maneno yangu kumi na moja. Nilifikiria chumba kikirudishiwa mbegu, na mimi nikipita mbele yake kila siku hadi uzee.

Sanduku tupu nilikuwa nimelisimamisha nyuma ya kabati. Dereva akashika kabati upande mmoja, mimi upande wa pili, tukalivuta. Mafuta ya taa yakamwagika juu ya miguu yangu.

Chokaa yangu nyeupe, huko nyuma ya kabati, ilikuwa imejaa mkaa.

Yalikuwa maandishi. Mistari na mistari, kutoka kimo cha goti hadi kimo cha kifua cha mtoto. Bwana Mkaguzi akaja, akachuchumaa, akasoma kwa sauti:

“Limi, namba nne, karudisha. Mabula, namba tisa, karudisha. Limi, namba kumi na saba, karudisha. Nkwabi, namba tisa, bado.” Yakaendelea mpaka chini. Mwisho kabisa palikuwa na maneno makubwa zaidi. “Nawa kwanza. Kitabu siku tatu tu. Ukichelewa utachota maji ndoo mbili. Rudisha mahali pake. Usimwambie Luhende.”

Akarudia la mwisho. “Usimwambie Luhende.”

Dirishani sasa palikuwa na kichwa kimoja tu. Wengine walikuwa wamechutama.

“Wewe ndiye Limi?”

“Shikamoo Bwana.”

“Marahaba. Mlango una kufuli, dirisha lina komeo. Mnaingiaje?”

Limi akanyoosha kidole juu ukutani, kwenye tundu la kumwagia mbegu za pamba. Mimi nilipaka chokaa pembeni ya tundu lile. Nililizunguka kwa uangalifu sana. “Nkwabi ni mwembamba,” akasema, “yeye anaingia, anapenya nyuma ya kabati kuandika, sisi tunapokea.”

“Namba kumi na saba kinahusu nini?”

“Nyuki, Bwana. Wana mlinzi mlangoni. Mgeni akija wanamnusa kwanza.”

“Kinaishaje?”

“Sijui.”

“Si umesema umekisoma?”

“Nimekisoma. Lakini kurasa za mwisho zimegandamana. Luhende aliweka uji mwingi.”

Sasa Bwana Mkaguzi akacheka. Alianza taratibu, kwa mabega. Kisha akavua miwani, akashika ukuta, akaupata mkaa kiganjani, akajifuta machozi nao. Mwalimu Bundala akacheka kwa sababu mkubwa amecheka. Mimi nilicheka mwisho, peke yangu, wengine walipokwisha nyamaza. (Desturi yangu.)

Sanduku halikupakiwa! Limebaki, ndugu zangu! Bwana Mkaguzi alinyofoa karatasi kwenye kitabu chake akanakili masharti yote ya ukutani, isipokuwa lile linalonihusu. Alisema shule nyingi zina kufuli na namba, lakini hajapata kuona watoto waliojiwekea masharti wenyewe na kuyashika, hata wakiwa wezi. Atayapeleka ofisini, yasomwe kwa shule nyingine zinazotaka maktaba. Vitabu vingine vitakuja muhula ujao.

Halafu akanigeukia. Nikajua ufunguo unaondoka.

“Kijana, chumba hiki ulikiomba wewe?”

“Ndiyo, Bwana.”

“Mwalimu amenieleza. Kaa nacho. Lakini mlango ufunguliwe kila siku saa nane, na tundu lile lizibwe kabla mtoto hajavunjika shingo. Na hayo ya ukutani yaandike kwa wino, uyabandike mlangoni.”

Kwa furaha nikakaa chini. Chini palikuwa na mafuta ya taa.

Nimeyaandika mpaka saa tisa, maana mnajua kasi yangu. Limi alisimama nyuma ya bega langu akinisahihisha. Nilipomaliza aliniuliza kama panya bado wananisumbua. Halafu nikaongeza sharti moja la kwangu mwenyewe, nalo liko mlangoni hivi sasa: Ng'ombe asiandikwe daftarini, hata awe na jina zuri namna gani.

Watu wanaopita wanalisoma na kuniuliza hali ya Doto. Jioni hii baba aliwaleta ng'ombe nyumbani, na wale maksai walinitazama kama watu wanaodai kitu.

Nawaombeni msicheke mbele ya wenzenu huko kazini. Chekeni chumbani. Na mnijibu upesi, barua ndefu, hata kwa mwandiko mbaya. Hamisi, vitatu. Masunga, vitano. Bwana Mkaguzi alikata majina ya ng'ombe peke yao, yenu aliyaacha, akasema mwenye miguu miwili anaweza kulipa deni. Mkija likizo lazima mvisome, maana mpaka sasa ninyi na Doto mko sawa.

Rafiki yenu,
Luhende