Mgando Ndani ya Chupa ya Alizeti

Jumatatu, tarehe 3

...basi chupa nikaikuta juu ya kabati, pale pale mkwe, mke wa mwanangu, alipoiweka. Mafuta ya alizeti, mepesi kama maji ya kusuuzia vikombe! Andika, wifi, usinikodolee macho. Najua mzee ni kaka yako, lakini ni mume wangu. Nesi kampima damu, kasema imejaa mafuta. Mafuta ya mgando, yale ya kopo, basi; atumie ya maji, tena kijiko kimoja. Kijiko! Mtu mzima, fundi viatu, anapiga nyundo kutwa! Mkwe naye kaapa akiniona na kopo la mgando tena, jiko anashika yeye. Jiko langu la miaka arobaini! Nikayeyusha mgando, nikaujaza kwenye chupa. Alizeti nikapaka bawaba za mlango. Haulii tena, maskini.

Jumanne, tarehe 4

Joto kali. Chupa inang'aa kama asali. Mkwe kaiinua, kaitazama juani, kanisifu eti mama nimebadilika. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mzee kala viazi vya kukaanga, karamba vidole mpaka kucha. Nani kama mimi?

Jumatano, tarehe 5

Mvua usiku kucha. Baridi! Mkwe kaja asubuhi kumkaangia mzee yai. Kainamisha chupa. Kimya. Katikisa. Kimya. Kaipiga matakoni kama mtoto aliyepaliwa. Wapi! Mafuta yameganda, meupe kama mshumaa. Nikamwambia ni baridi tu, hata magoti yangu yamekaza. Hakucheka. Kanivua aproni, kaninyang'anya mwiko. Mwiko wangu!

Alhamisi, tarehe 6

Nimekaa kwenye kigoda jikoni kwangu kama mgeni aliyekuja kuazima chumvi. Mkwe kapika samaki kwa kijiko kimoja, kaweka parachichi pembeni na karanga kidogo. Nikamkonyeza mzee asusie. Kala. Kaongeza! Kasema tamu. Msaliti, mbele ya macho yangu!

Halafu mzee akavuta kigoda kingine, akakaa karibu nami. Kumbe akipanda ngazi za kibandani kwake kifua kinambana, alinificha nisihangaike. Eti anaogopa. Eti bado hajachoka kugombana na mimi. Wifi, nililia, kamasi hadi kidevuni. Kopo nikalichukua mwenyewe, nikamkabidhi mkwe. Naye, mtoto wa watu, kanirudishia mwiko, kanikumbatia. Ana moyo mzuri yule, ila usimwambie.

Ijumaa, tarehe 7

Nimetubu! Andika kwa herufi kubwa. Mgando sitaki hata kuusikia. Sasa ni alizeti tu, na leo napika mimi. Lakini nimefikiria, wifi. Kama ni mazuri hivyo kwa moyo, kijiko kimoja ni uchoyo gani? Mume wangu nimpimie afya kama dawa ya kikohozi? Nimemimina chupa nzima. Samaki wanaogelea humo kama hawajavuliwa. Karanga nazo nimezitumbukiza, zisikose faida. Na parachichi nimelikaanga, maana bichi lile lilikuwa linamfaa nani? Limevimba vizuri, limekuwa kahawia. Mkwe akiona bidii hii ataona aibu. Nesi atanipa cheti, utaona, akipima tena damu...

Huyo mkwe ananiita. Eti mama, njoo, mbona chupa niliyonunua jana imekwisha?

Naam, mwanangu! Nakuja! Kwani umeonja? Wifi, nipishe nipite.